Kulala Changi: Tathmini ya Usiku Mmoja Uwanjani Singapore

Abiria anayesubiri ndege ya alfajiri katika uwanja wa ndege wa Changi atapata sehemu za kupumzika zenye viti vya kulalia bila malipo, sinema za bure katika Jengo la 2 na la 3, na hata bustani ya vipepeo, ingawa vipepeo nao hulala usiku. Kasoro ni kiyoyozi, ambacho baridi yake haina huruma, hivyo kikoi kizito kisikosekane mkobani.

Maporomoko ya maji ya Jewel, jengo la maduka lililo uwanjani hapo, yenye kimo cha mita 40, yako nje ya eneo la uhamiaji, na anayetaka kuyaona kwa karibu lazima aingie nchini rasmi na kukubali sheria zake: chingamu imepigwa marufuku kuingizwa tangu 1992, sigara za kielektroniki haziruhusiwi, sigara za kawaida hutozwa ushuru hata ikiwa ni pakiti moja, na usafirishaji wa dawa za kulevya unaweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Kwa maoni yangu, ukali huo ndio unaomwezesha msafiri kusinzia bila wasiwasi mkubwa kuhusu mzigo wake. Mwenye uwezo akodi chumba katika hoteli iliyo ndani ya eneo la mapito, yaani la abiria wanaobadilisha ndege bila kuingia nchini, inayotoza kwa saa.