Amina wa shairi na Amina wa nyumbani: kuhusu kitabu cha Maisha Yangu

Wengi wetu tulilisoma shairi la “Amina” shuleni likiwa limenyofolewa na kuwekwa peke yake, tukaulizwa dhamira na vina vyake, tukaondoka tukidhani kwamba huenda Amina ni jina la kishairi tu. Kitabu cha Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha marehemu Shaaban Robert kinaiondoa shaka hiyo, kwa kuwa humo shairi limekaa mahali pake, ndani ya simulizi ya mtu aliyefiwa na mkewe.

Kwamba msiba ulikuwa wake mwenyewe, basi, si jambo la kubishania. La kubishania ni kiasi gani cha maisha hayo kimeingia katika beti, na kwa maoni yangu ni kidogo kuliko tunavyozoea kusema. Ukilipekua shairi kutafuta sura ya Amina, maneno yake au namna alivyoishi na mumewe, huambulii kitu. Ua lililofunga baada ya kuchanua lingeweza kutumiwa kwa marehemu yeyote, na tumaini la pepo ni la kila muumini. Vina vinapokezana kwa utulivu ambao mtu aliyetoka kuzika jana hana.

Hata hivyo, upo ubeti ambamo maisha yamepenya, nao ni ule wa pili. Mume anasema alitaka mkewe anyanyuke kwa kumwombea dua, na kwamba hakupenda maradhi yamchukue. Hapo tunamwona mgonjwa aliyelala na mtu anayemuuguza, ambaye ombi lake halikujibiwa kama alivyotaka. Katika ubeti wa mwisho mtu huyohuyo anarudi kwenye dua, safari hii akiombea siku ambayo roho itarudishiwa mwili. Sidhani kama mtu asiyewahi kuuguza angeyapanga mambo hivyo.

Wapo wanaokitilia shaka kiitikio, “Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua,” kwa sababu mtunzi alioa tena. Hoja hiyo naiona dhaifu: kiitikio kinashindana na mauti, wala hakikuwa ahadi ya kubaki mgane.

Kinachokosekana katika shairi kinapatikana kwingine katika kitabu hichohicho, na hapa ndipo thamani yake ilipo. Soma “Utenzi wa Hati,” aliomtungia binti yake, mara tu baada ya “Amina.” Baba anamketisha mtoto wa kike na kumpa mawaidha ya dini, tabia na ndoa, kazi ambayo katika Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ilifanywa na mama. Pengo la Amina nyumbani mimi naliona humo waziwazi zaidi kuliko katika maombolezo yenyewe.

Sehemu ya pili ya kitabu, aliyoiandika baada ya kutimiza miaka 50, haina mvuto huo kwa msomaji aliyekuja kwa ajili ya shairi, na anaweza kuipitia harakaharaka. Kwa mwalimu anayefundisha “Amina,” lakini, sehemu ya kwanza ni ya lazima, na ningependa wanafunzi wapewe “Hati” siku ileile wanapopewa shairi.