Mfuko wa kulalia wa bei nafuu, na zipu iliyoniharibia kiangazi: uzoefu wangu

Zipu! Nianze na hiyo, maana mengine yote kwenye mfuko huu wa kulalia nilikuwa tayari kuyasamehe. Rangi inachuja ukiufua, sawa. Unanuka plastiki, sawa, harufu inaisha ukiuanika kivulini penye upepo. Kamba ya kofia haikazi vizuri, nayo sawa. Lakini zipu kuachia kwenye kona ya miguu kabla kiangazi hakijafika hata katikati, halafu mwenye duka anakujibu mbele ya wateja, "Kaka, mfuko hauna shida, ni wewe una miguu mirefu"? Hapana. Hilo siliachi lipite.

Duka sitalitaja. Liko hapa Dodoma mjini, linauza mabegi, mahema na vifaa vya kambi, na mtu akitaka kwenda kulala porini ndipo anapoelekezwa. Ndiyo maana nimekasirika. Watu wanaokwenda kwenye michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, au wanaopanda vilima vya Mpwapwa, hawana maduka kumi ya kuchagua. Wananunua wanachoambiwa.

Tuelewane kwanza kilichoharibika, kwa sababu nilipomweleza muuzaji alidhani meno ya zipu yamekatika. Hayajakatika. Zipu za mifuko hii ni za nailoni iliyosokotwa, na nailoni hiyo ni ngumu kufa. Kinachokufa ni kichwa cha zipu, kile kidude cha chuma unachovuta. Kichwa kina kuta mbili, juu na chini, na kazi yake ni kuyabana meno ya pande zote mbili yashikane. Kwenye mifuko ya bei nafuu kichwa humiminwa kwa madini laini ya zinki. Ukikivuta kwa nguvu, kuta zinatanuka kidogo sana, huwezi hata kuona kwa macho. Lakini nafasi hiyo ndogo inatosha: kichwa kinapita, meno yanabaki wazi nyuma yake. Usiku unasikia baridi kwenye nyonga, unapapasa, unakuta mfuko wote umefunguka ubavuni.

Kwa nini pale miguuni? Kwa sababu zipu inapinda. Inatoka ubavuni inageuka kuelekea vidoleni, na kwenye kona hiyo kichwa huvutwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Ongeza vumbi letu. Vumbi la Dodoma ni jembamba na lina mchanga, na linapokaa katikati ya meno linakisaga kichwa kila kinapopita. Mtengenezaji mwenye akili angeweka zipu namba 5 au zaidi, yenye kichwa kipana. Huu wangu una namba 3. Namba 3 ni zipu ya sketi! Namba imeandikwa mgongoni mwa kichwa kwa herufi ndogo za kuchongwa, igeuze utaiona. Nasema hivi kwa hasira, lakini ushikeni huu ushauri kuliko yote: mfuko wa bei nafuu hufia kwenye zipu muda mrefu kabla haujafia kwenye pamba.

Basi mkiwa dukani, msikubali ufunguliwe nusu mita mkaambiwa "umeona?" Utandikeni chini. Fungueni zipu yote, fungeni yote, mara kumi, tena mwingie ndani mfunge mkiwa mmelala, kwa sababu kichwa huvutwa tofauti mkono ukiwa ndani. Angalieni kama kitambaa cha ndani kinaumwa na zipu. Mfuko uliotengenezwa vizuri una utepe mgumu ulioshonwa kando ya meno kuzuia hilo, na huu wangu hauna. Kitambaa kikiumwa usivute mbele. Rudisha kichwa nyuma taratibu huku ukikivuta kitambaa kando, la sivyo unachana bitana na pamba inaanza kutoka. Nyuma ya zipu lazima kuwe na mrija wa pamba unaoziba upepo, toka mabegani hadi miguuni. Bila mrija huo, zipu nzima ni ufa wa baridi, hata ikiwa imefungwa.

Muuzaji wangu alinuna nilipoanza kufanya hayo. Akasema nitaichakaza bidhaa kabla sijalipa. Zipu inayochakaa kwa kufungwa mara kumi!

Halafu ile namba. Kwenye mfuko wa kubebea imeandikwa kwa herufi kubwa nyuzijoto 5 chini ya sifuri, na muuzaji akaapa kwamba "huu hata juu ya Mlima Hanang unalala bila wasiwasi." Ndugu zangu, someni maandishi madogo. Mifuko iliyopimwa kwa kiwango cha kimataifa, ISO 23537, au kile cha zamani cha Ulaya, EN 13537, ina namba tatu. "Comfort" ni joto la nje ambalo mwanamke wa kawaida atalala bila kutetemeka. "Limit" ni kikomo cha mwanaume wa kawaida, amejikunja, anavumilia. "Extreme" ni namba ya kuokoa roho: unaweza kupita usiku ukiwa hai, lakini baridi inaweza kukudhuru vibaya. Nadhani mmeshajua ni ipi iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kwenye huu wangu, "Comfort" ilikuwa nyuzi 12, kwenye kilebo kilichoshonwa ndani karibu na miguu, mahali ambapo hakuna mteja anayeangalia. Na kama mfuko una namba moja tu, bila kutaja kiwango chochote, ihesabuni namba hiyo kuwa matangazo.

Hapa lazima niwe mkweli, hasira pembeni: nyuzi 12 zinatutosha sehemu kubwa ya kanda hii. Dodoma mjini tuko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai, kipupwe kikiwa kikali, joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi. Kondoa na Singida si tofauti sana, ukiacha upepo. Mfuko mwepesi wa kiangazi ndio unaotufaa. Anayekuuzia mfuko mnene wa kilo mbili kwa safari ya Kolo anakubebesha mzigo bure, utalala umeufungua na jasho linakutoka.

Hanang ni habari nyingine. Kilele chake kina zaidi ya mita 3,400, na hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kila unapopanda mita elfu moja. Pigeni hesabu wenyewe: kama Dodoma ni nyuzi 14, kule juu mko jirani na sifuri, kabla upepo haujavuma. Kumwambia mtu aende huko na mfuko wa nyuzi 12 ni kumtuma akaugue. Huyo muuzaji hakuwa anakisia. Kilebo alikuwa nacho mkononi.

Uzito nao. Nilitajiwa gramu 700. Mizani ya muuza vitunguu ikasema kilo 1 na gramu 100 na kidogo, pamoja na mfuko wa kubebea. Hii mizani ya sokoni ndiyo rafiki yenu, pimeni kabla ya kulipa, hakuna muuza vitunguu atakayewanyima. Kwa mfuko wa kiangazi wa pamba ya poliesta, gramu 700 hadi 1,000 ni uzito wa kuridhisha kwa bei ya kwetu. Chini ya hapo kwa bei ndogo, kuna kitu kimepunguzwa, na mara nyingi ni pamba. Uinueni mfuko kuelekea jua: mkiona mwanga unapita kwa madoa madoa, pamba imetawanyika vibaya, na kila doa ni mahali pa baridi. Angalieni na mshono. Ukipita moja kwa moja toka kitambaa cha nje hadi cha ndani, pamba hubanwa hadi kuisha kwenye mstari ule na baridi huingia hapo. Kwa kiangazi si dhambi, ila mistari isiwe mingi. Zipu fupi inayoishia kiunoni inapunguza uzito na haina ile kona ya miguu inayoua vichwa, lakini usiku wa joto, kuanzia Oktoba, huwezi kutoa miguu nje, kwa hiyo sijui kama ningeichukua. Kama kuna mbili dukani, zipu namba 5 hadi miguuni na zipu fupi ya namba 3, nachukua ile ndefu.

Wengi wanaolalamika baridi hawana tatizo la mfuko, wana tatizo la chini. Pamba inayolaliwa na mgongo hubanwa ikawa haina hewa, na bila hewa haizuii baridi. Mkeka wa ukindu hausaidii kitu kwenye mwamba. Tafuteni kipande cha sponji ngumu isiyonywa maji, unene wa sentimita 1, toka mabegani hadi kwenye makalio. Begi tupu liwekeni chini ya miguu. Ndani ya mfuko wekeni shuka la kushona: kitambaa chepesi cha pamba, upana mita 1.5, urefu mita 2.2, kikunjwe katikati kwa urefu, kishonwe chini na ubavuni, juu kiachwe wazi. Kina gramu mia tatu na ushee. Jasho na vumbi vinabaki kwenye shuka, mfuko haufuliwi mara kwa mara, na kila kufua kunaichosha pamba. Ukilazimika kufua, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, suuza mpaka povu liishe, hasa kama maji yenu ni ya chumvi, usikamue, anika kivulini. Jua letu la mchana hula nailoni. Na nyumbani usiuache umesokomezwa kwenye kile kimfuko chake kidogo, uning'inize au uuweke kwenye gunia kubwa lililo safi.

Nirudi kwenye zipu, maana bado inaniuma. Inatengenezeka. Ukiwa porini, bana kichwa kwa plaizi kwenye ncha ya nyuma, upande ambako meno hutoka yakiwa yameshikana, kushoto kidogo, kulia kidogo, ujaribu, urudie. Usibane kwa pupa, zinki hupasuka. Hiyo ni dawa ya siku chache. Dawa kamili ni kichwa kipya. Kisome namba, ukanunue cha namba hiyo hiyo na cha aina hiyo hiyo, kwa sababu kichwa cha zipu ya nailoni hakiingii vizuri kwenye zipu ya meno ya plastiki hata namba zikifanana. Piga picha kichwa cha zamani kilivyokaa kabla hujakitoa. Fumua mshono wa mwisho wa zipu kama sentimita 3, toa cha zamani, ingiza kipya pande zote mbili kwa usawa, kisha shona kizuizi cha uzi mzito, mizunguko minane au kumi, juu ya meno ya mwisho. Fundi viatu yeyote anaijua kazi hii. Wakati huo huo mwambie fundi cherehani akushonee utepe mgumu wa sentimita 2 kando ya meno. Baada ya hapo, safisha meno kwa mswaki mkuukuu kila mkirudi safari, yakikauka yasugue kwa mshumaa. Mafuta ya kupikia au ya injini usiguse, yanakamata vumbi na kumaliza kichwa kipya haraka kuliko cha kwanza.

Na hapo ndipo ninapokwama kwenye hukumu yangu. Mfuko huu, baada ya kichwa kipya na utepe, ni mzuri. Kwa bei ile, chini ya laki moja, kwa Kondoa, Mpwapwa na Singida, ningemshauri mtu aununue na atenge fedha kidogo ya fundi. Pamba imekaa sawasawa, mrija wa zipu upo, unakauka haraka ukipata umande. Nyota tatu, hata nne.

Lakini hapana. Kwa bei hiyo hiyo, mitumba ya soko la Sabasaba hapa mjini huwa na mifuko iliyotumika yenye zipu namba 5, yenye herufi YKK, jina la mtengenezaji maarufu wa zipu, zilizochongwa kwenye kichwa, na kilebo chenye namba zote tatu. Nusa kama kuna ukungu, binya kama pamba imeganda mabonge, vuta zipu, basi. Ile ya manyoya ya bata muiache kama ina mabonge au unyevu. Kwa nini mtu anunue mfuko mpya, aongezewe na gharama ya fundi, halafu aambiwe ana miguu mirefu?

Bandiko lao la "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi" halinitishi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu sifa na ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Kilebo cha nyuzi 12 ninacho, mfuko wa kubebea wenye namba kubwa ninao, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo, niliidai papo hapo, naye alinuna kwa hiyo pia. Nyota moja.