Kopo la unga wa manjano la shilingi 28,000: nyota mbili, zote za mapishi

Nilinunua kopo hili Kariakoo mwezi Machi. Jina lake silitaji, makopo ya aina hii yamejaa mjini na lebo zake ni za ukoo mmoja. Gramu 250 za manjano, tangawizi na pilipili manga. Lebo inasema huondoa inflamesheni, yaani kinga ya mwili kuwaka, "chanzo cha kisukari", na kwamba wanasayansi wa Marekani wamethibitisha.

Mimi ni fundi cherehani Tandika, kisukari aina ya pili ninacho mwaka wa sita, natumia metformini, dawa ya kushusha sukari. Kijana muuzaji akaniambia, "Mzee wangu, wiki mbili tu, hizo dawa za hospitali utazisahau." Hapo ndipo ningemrudishia kopo lake. Sikumrudishia, ila dawa zangu sikuacha hata siku moja.

Unga wenyewe ni mzuri. Laini, unanukia tangawizi ya kweli, na haubakizi mchanga chini ya kikombe. Mfuniko sasa! Haukazi. Siku ya nne kopo lilipinduka kwenye meza ya kukatia, juu ya kitambaa cheupe cha gauni la komunyo. Manjano haitoki, asikudanganye mtu. Mita tatu za satini nikalipa mimi.

Nilijipima sukari kila asubuhi kabla ya kula, nikaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Kabla ya kuanza nilikuwa nacheza kwenye 9.2, 9.5. Wiki ya pili ikashuka hadi 8.3, nikaanza kujisifu kibarazani. Mke wangu ndiye aliyenizindua: tangu nianze kunywa manjano, nilikuwa nimeacha ile chai yangu ya jioni yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili. Wiki ya tatu nikarudisha chai, manjano nikaendelea nayo vilevile. 9.1, 9.4. Basi.

Mpwa wangu anasomea famasi Muhimbili. Alipokuja kutusalimia nikampa lebo asome, akacheka. "Mjomba, hawa wamechukua ukweli wakaubandika kwenye kopo."

Maana wanasayansi kweli wapo. Mwaka 1993 huko Boston, Gökhan Hotamisligil, mzaliwa wa Uturuki, akifanya kazi na Bruce Spiegelman, aligundua kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kwa wingi protini iitwayo TNF-alfa, ileile ambayo kinga ya mwili huitumia kupambana na maradhi. Walipoizima, miili ya panya ikaanza kuisikiliza insulini, homoni inayoshusha sukari, vizuri zaidi. Zamani mafuta yalionekana kama ghala la akiba tu. Mwaka 2003 watafiti wengine wakaonyesha kwamba ndani ya mafuta ya mwili ulionenepa hujazana makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza vijidudu, na TNF nyingi inatoka kwao. Sikuwa nimewahi kuelezwa hivyo kliniki. Kumbe hiyo inflamesheni si uvimbe wa mguu ulioteguka. Ni moto wa pumba, unafuka chini kwa chini miaka nenda rudi.

Nikamuuliza mpwa, si ndiyo nikiuzima nimepona? Akasema mwaka 1996 wagonjwa wanene wenye kisukari kama changu walipewa dawa ya kingamwili ya kuizima TNF, na miili yao haikuitikia insulini zaidi ya hapo mwanzo. Yaliyotokea kwa panya hayakutokea kwa watu. Moto wenyewe una vyanzo vingi, TNF ni kimoja tu. Sasa kama dawa iliyolengwa kwenye protini yenyewe haikufua dafu, kijiko changu cha jioni kifanye nini, ambacho kurkumini yake, ile kemikali ya manjano inayosifiwa, utumbo hauifyonzi kirahisi? Ndiyo maana wametia pilipili manga, isaidie kufyonzwa. Hapo walau walijua wanachofanya.

Nyota moja naikata kwa bei: robo kilo ya manjano nilinunua sokoni kwa 3,000. Mbili nazikata kwa yale maneno ya kuacha dawa, maana kuna mtu atayasikiliza. Mbili zilizobaki ni za mchuzi wa samaki, ambako unga huu umekaa vizuri sana hadi ukaisha. Mfuniko nimeutupa. Kopo lipo kando ya cherehani, nimetia vifungo.