Seti ya vikorombwezo vya sebule: rangi zimepatana, vipimo havijapatana

Ukuta ukishapakwa rangi na makochi yakishapangwa, hubaki kazi inayowasumbua wengi, nayo ni kuchagua mito, zulia, taa, kioo, picha na mapazia. Seti ninayoitathmini hapa inakusudia kumwondolea mnunuzi usumbufu huo kwa kumletea vyote ndani ya boksi moja, vikiwa vimeoanishwa kwa rangi ya udongo, ya maziwa na kijani kilichopauka. Rangi hizo zimechaguliwa kwa ustadi. Tatizo ni kwamba aliyeziteua hakujiuliza vya kutosha kuhusu ukubwa wa chumba kinachopambwa.

Nianze na mito, kwa kuwa ndiyo iliyonipendeza zaidi. Foronya nne ni za pamba nzito, na zipu zake zimefichwa kwenye mshono, hivyo zinavuliwa na kufuliwa bila taabu. Foronya zina sentimita 45 kwa 45 ilhali mito ya ndani ina sentimita 50 kwa 50, tofauti ambayo mtu anaweza kuidhani kosa la kiwandani. Kumbe mto unaozidi kidogo foronya yake ndio unaojaza pembe na kuuzuia uso wake usinywee. Aidha, foronya mbili zimefumwa kwa mistari iliyoinuka na mbili ni laini, jambo linaloyapa macho kitu cha kutazama hata pale rangi zinapokaribiana sana.

Taa ya mezani nayo imefikiriwa vizuri. Inakuja na balbu ya LED ya Kelvini 2700 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), yaani mwanga wa manjano tulivu, na ukingo wa chini wa kifuniko chake, taa ikiwa juu ya meza ya pembeni, unakaribia usawa wa macho ya mtu aliyeketi, kwa hiyo balbu haimchomi macho. Hata hivyo, kijitabu cha maelezo hakitaji lolote kuhusu taa ya darini, wakati hiyo ndiyo inayoweza kuharibu kila kitu. Chini ya balbu ya Kelvini 6500, ambayo mwanga wake unaelekea kwenye ubuluu, rangi ya udongo hufifia na ile ya maziwa huonekana baridi kama ukuta wa zahanati. Mnunuzi anayetaka rangi alizoziona kwenye picha za tangazo atalazimika kubadilisha na balbu ya juu pia.

Zulia ndilo lililonivunja moyo. Lina sentimita 120 kwa 170, na kochi la watu watatu kwa kawaida hukaribia au kuzidi mita 2, kwa hiyo zulia linabaki katikati ya sakafu bila kuguswa na kiti chochote, na chumba kinaonekana kidogo kuliko kilivyo. Zulia la sebuleni linatakiwa kuzidi urefu wa kochi na kuingia angalau chini ya miguu yake ya mbele. Ni vyema kutandaza magazeti sakafuni kwa kipimo cha zulia kabla ya kuliagiza. Macho yatatoa hukumu mapema. Ufumaji wake ni mzuri, sina neno, ila upande wa chini hauna mpira wa kuzuia utelezi.

Kijitabu kinashauri kwamba kitovu cha picha kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Ushauri huo unafaa kwa ukuta mtupu, lakini juu ya kochi ni afadhali ukingo wa chini wa fremu uwe sentimita 15 hadi 20 juu ya egemeo, ili picha na kochi vionekane kitu kimoja. Fremu tatu zilizomo ni ndogo, na zinapendeza zikikaribiana kwenye safu moja kuliko zikitawanywa. Kioo cha mviringo hakina kasoro, mradi kielekezwe penye jambo linalostahili kuonekana mara mbili. Chombo cha maua ni cha kawaida tu.

Mapazia mawili kwa jumla yana upana wa mita 2.8. Kwa kuwa kitambaa kinapaswa kuwa kati ya mara moja na nusu na mara mbili na nusu ya urefu wa bomba la pazia, yatatosha bomba la mita 1.6 na kuacha mikunjo ya kuridhisha. Kwa bomba la mita 2.4 yatakaa kama shuka lililoanikwa. Muuzaji anakubali kuuza foronya na taa pekee, bila boksi zima, na hivyo ndivyo ningevinunua.