Vodka ya Poland: ukiingia dukani, shika chupa ipi?

Wengi tunanunua chupa, si kilichomo. Kioo kizito, kizibo cha kung'aa, maandishi ya "imekenekwa mara tano" (yaani imechemshwa na mvuke wake ukapozwa tena kuwa pombe), na bei inapaa. Ukweli ni kwamba, kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, spiriti ya vodka hufikishwa angalau asilimia 96 ya alkoholi kabla ya kuzimuliwa kwa maji. Ikishafika hapo, hiyo mara ya tano ni mapambo tu. Chupa ya asilimia 40 ni maji zaidi ya nusu, na hata jina lenyewe, wódka, asili yake ni "kijimaji".

Cha kutazama ni zao. Geuza chupa utafute maneno Polska Wódka: tangu 2013 jina hilo ni la vodka ya nafaka au viazi vilivyolimwa Poland, na kazi yote ifanyikie hukohuko.

Namba moja kwangu ni Luksusowa, ya viazi, wala si ghali. Ilaze kwenye friza usiku kucha. Kesho yake chupa inatoka na ukungu, na pombe inamwagika taratibu kama mafuta ya kupikia. Hapo ndipo kiazi kinapojitambulisha: kizito kidogo ulimini, laini kooni. Kwa desturi Wapoland hawaichanganyi na soda. Wanasema "na zdrowie", yaani kwa afya, toti inashushwa, na mkono unakwenda moja kwa moja kwenye tango lililochachushwa kwa chumvi au kipande cha samaki heringi. Kunywa bila kitu mezani hawakuoni kama ustaarabu, na hapo nawaunga mkono.

Ya pili, Wyborowa. Hii ni ya rai, nafaka jamaa ya ngano inayovumilia baridi na udongo duni. Ina ukali kidogo, kama pilipili manga kwa mbali. Ukitaka kuwapima wageni wako, weka hizi mbili mezani bila lebo, tofauti wataipata.

Żubrówka naipa nafasi ya tatu, japo wapo watakaonirushia viatu. Ndani ya chupa kuna unyasi mmoja mrefu, wa aina inayohusishwa na msitu wa Białowieża wanakoishi nyati wa Ulaya, na harufu yake inakaribia vanila. Marekani waliwahi kuipiga marufuku kwa sababu ya kumarini, kemikali iliyohofiwa kudhuru afya, iliyomo kwenye nyasi hizo. Changanya na juisi ya tofaa. Wapoland huiita szarlotka, yaani keki ya tofaa. Ikiwa peke yake hunichosha baada ya toti mbili.

Belvedere inashika mkia. Si mbaya hata kidogo: rai safi kutoka mji wa Żyrardów, na picha ya kasri la Belweder kwenye kioo. Ila kwa bei yake unapata Luksusowa na matango ya kutosha meza nzima. Ukiletewa zawadi, pokea kwa mikono miwili.