XPS ya kulipia: mashine safi, ila walinipimia doa walilolitengeneza wenyewe

Nilipeleka kidonge (unga ulioshindiliwa) cha oksidi ya kromiamu juu ya silika, yaani oksidi ya silikoni, kwenye maabara moja inayopima XPS kwa malipo (jina naliacha). XPS ni kipimo cha kupiga uso wa sampuli kwa eksirei na kusoma nishati ya elektroni zinazoruka. Swali langu lilikuwa moja tu, kromiamu yangu iko +6 au +3, yaani imepoteza elektroni sita au tatu. Hii ni ile familia ya vichocheo vya kutengenezea polithini iliyoanzia kwa wanakemia Hogan na Banks pale kampuni ya mafuta ya Phillips, Marekani, mwaka 1951, kromiamu yenyewe huwa kama asilimia 1 tu, iliyobaki yote silika. Ukiuchoma huo unga kwenye hewa kavu unatoka njano ya chungwa, na aliyeshika hivi vitu akiona hiyo rangi anajua +6 ipo ya kutosha.

Ripoti ilikuja chap, hapo nawapa hongera, michoro imekaa vizuri. Sasa naangalia hivi, kilele kikubwa kiko karibu na eV 577 (elektronivolti, kipimo cha nishati), yaani +3, ile +6 ya kwenye 580 imebaki kibega tu pembeni. Nikajilaumu siku nzima, nikajua nimeharibu kwenye tanuri. Halafu ndo nikafungua kichupa walichonirudishia. Jamani, kidonge njano, katikati kina doa la kijani, duara kabisa, pale pale eksirei ilipopiga! Nikakigeuza, nyuma njano vilevile.

Kumbe eksirei ikipiga inamwaga elektroni nyingi kwenye sampuli, +6 inazidaka inashuka, na ndani ya mashine ni ombwe kwa hiyo hakuna oksijeni ya kuirudisha juu. Na walichonikera zaidi ni mpangilio, wameanza na silikoni, oksijeni, kaboni, ambavyo wala haviendi popote, kromiamu wakaiweka mwisho, na kwa kuwa ni kidogo ishara yake dhaifu basi wakairudiarudia masaa, yaani kadiri wanavyotafuta mchoro msafi ndivyo wanavyozidi kuipika. Kwenye ripoti muda wa kupiga hawajaandika hata neno, ila asilimia wameweka na desimali mbili, haya bwana.

Nikapiga simu. Fundi wao hakubisha, nampa sifa zake. Kidonge kipya, kromiamu kwanza na kwa dakika chache, vingine baadaye, kisha kromiamu tena mwisho. Mchoro wa kwanza una makelele ila +6 imesimama, wa mwisho imeanguka, ushahidi huo. Nikamwomba pia asipange skeli ya nishati kwa kutegemea kilele cha kaboni cha eV 284.8 peke yake maana silika inashika chaji ya umeme na vilele vinahama, akalinganisha na kilele cha silikoni cha silika kwenye 103.5, zikakubaliana.

Nyota 3 kati ya 5. Ukipeleka seria (oksidi ya seriamu), vanadiamu au shaba, ambazo nazo hushushwa na eksirei, waambie mpangilio huohuo kwa maandishi, wenyewe hawaulizi, na piga picha ya kidonge kabla hujakituma.