Karibu mwaka mzima na mafuta ya ubuyu usoni, hapa Dodoma

Nilihamia Dodoma mwezi Juni mwaka jana nikitokea Tanga, na haikufika wiki ya tatu uso ulikuwa umepauka mpaka nikicheka pembe za mdomo zinauma. Sisi tuliokulia pwani hatuujui ukavu wa namna hii. Kule hewa yenyewe ina unyevu. Huku kiangazi kinaanza Mei na kuendelea mpaka Novemba, na upepo wa Juni na Julai unaamka na vumbi lake asubuhi. Ongeza maji ya kisima tunayotumia hapa Nkuhungu, yana chumvi kiasi kwamba sabuni inagoma kutoa povu.

Nilianza na nilichokijua, mafuta ya nazi. Mama alinitumia lita nzima kwa basi. Mwilini hayana mpinzani, mpaka leo nayapaka miguuni na kwenye nywele, lakini usoni yalinishinda. Ndani ya siku kumi paji la uso lilijaa vipele vidogo vigumu. Mafuta ya nazi huziba vitundu vya ngozi kwa watu wengi wenye asili ya chunusi, nami ni mmoja wao.

Dada ninayepanga naye nyumba kwao ni Kibaigwa, akaniletea alizeti iliyokamuliwa mashineni, ile ghafi. Nakiri ilinisaidia. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, nayo ni mafuta ambayo ngozi huyatumia kujenga kinga yake ya nje, na vipele vilitulia. Tatizo ni harufu ya mashudu, haikuniacha hata ofisini, na foronya yangu nyeupe iligeuka njano.

Ubuyu niliukuta kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane mwezi Agosti, viwanja vya Nzuguni, meza ya kina mama wa kikundi. Kichupa cha kahawia cha mililita 30 kwa shilingi elfu kumi na mbili. Nikamuuliza, "Mama, mbona kadogo hivi na bei yote hii?" Akanimwagia mbegu kiganjani. "Mwanangu, si hizi mnazotema mkimaliza kumung'unya ubuyu? Zishike uone ugumu wake. Kilo nyingi, mafuta kidogo." Akaniambia wanakamua bila kupasha moto. Mafuta yenyewe ni ya rangi ya dhahabu, mepesi kuliko nilivyodhani, na yana harufu hafifu kama ya karanga mbichi.

Wiki ya kwanza sikuona faida yoyote. Uso unang'aa, lakini ndani bado umekaza. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa napaka kwenye uso mkavu. Mafuta hayana maji ndani yake hata tone, kazi yake ni kuzuia maji yaliyopo yasitoke. Ukipaka pakavu unafungia ukavu. Sasa usiku nanawa, sijifuti, uso ukiwa bado una majimaji naweka matone matano kiganjani, nasugua viganja, kisha nabonyeza mashavu, paji na shingo taratibu bila kuvutavuta ngozi. Tangu nibadilishe hivyo, magamba ya pembeni mwa pua yaliisha kwa wiki mbili, na kufikia Septemba nilikuwa nacheka bila maumivu. Vipele havikurudi. Mvua zilipoanza Desemba nilipunguza mpaka matone mawili, maana hewa ilikuwa imebadilika.

Madoa meusi ya chunusi za zamani hayakuondoka. Wapo wauzaji wanaoahidi yatafutika kwa wiki moja. Kwangu yamefifia kidogo kwa miezi yote hii, na huenda muda wenyewe umefanya kazi hiyo. Mafuta haya pia hayazuii jua. Dodoma tuko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari na jua la saa sita ni kali, kwa hiyo mchana natumia losheni ya kukinga jua na mtandio. Na tafadhali, dada zangu, usichanganye limao humo kama nilivyoshauriwa kazini. Maji ya limao yakikutana na jua ngozi inaweza kuungua na kubaki na weusi kwa miezi.

Chupa ya pili nilinunua kwa muuzaji mwingine mjini, na hapo niliumia. Ilikuwa nyeupe, inanukia manukato, haina jina la mtengenezaji wala tarehe. Usiku uleule mashavu yaliwaka. Niliimwaga. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini mikorogo bado inauzwa ikiwa imevaa majina ya asili. Siku hizi natazama kwanza nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia vipodozi, kisha napaka tone ndani ya kiwiko na kusubiri siku nzima kabla ya kugusa uso.

Ya tatu nimeirudia kwa mama yule yule wa Nzuguni. Naitunza kabatini mbali na dirisha, kwa sababu joto na mwanga huyaharibu haraka. Yakianza kunuka ukali kama rangi ya mbao, hayafai tena usoni. Kichupa kimoja kinanifikisha miezi minne wakati wa upepo, zaidi wakati wa mvua. Hiki nilicho nacho kitaisha kabla ya Nanenane, na nimeshamwagiza viwili.